Shajara ya likeni: bahasha 61 na chupa moja ya klorini

Jumamosi, 8 Machi

Tumeanza. Tuko vijana wanne wa kidato cha tatu, mimi fundi wa maabara, na mzee anayetunza bustani ya shule. Mzee hakualikwa, lakini ndiye aliyetufaa kuliko wote, maana anajua kila mti ulipandwa lini na nani. Kazi tuliyojipa ni kukusanya likeni zinazoota kwenye miti na mawe ya uwanja huu wa shule ulio kando ya Waiyaki Way, Nairobi, kuzikausha, kuzitambua, na kuziandikia rekodi ambayo mtu asiyetujua ataweza kuikagua miaka hamsini ijayo. Mwalimu mkuu ametupa ruhusa kwa maandishi. Nimeibandika ndani ya jalada la daftari.

Kwa atakayefungua shajara hii bila kujua likeni ni nini: ni yale mabaka ya kijivu, ya kijani au ya manjano yanayoonekana kwenye magome ya miti, vigae na makaburi. Wengi hudhani ni ugonjwa wa mti. Si ugonjwa, na wala si mmea. Ni kuvu na mwani vinavyoishi mwili mmoja: kuvu hujenga nyumba na kushika unyevu, mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua. Mswisi Simon Schwendener aliposema hivyo katika miaka ya 1860, wakubwa wa fani yake walimkatalia katakata.

Mzee wa bustani alikuwa akisugua mabaka hayo kwa brashi ya waya kila Desemba ili miti ipendeze wazazi wakija. Nilipomweleza alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Kwa hivyo nimekuwa nikiua kitu miaka yote hii?" Nikamjibu kwamba hata mimi, miaka mitatu iliyopita, ningeishika hiyo brashi nimsaidie. Akaiweka stoo.

Sampuli za leo ni nane. Tunanyunyizia gome maji kwanza, kwa sababu likeni kavu huvunjika kama chapati iliyolala. Ikishalainika, kisu kinapita chini yake na kuiinua pamoja na ganda jembamba la gome, lisilozidi unene wa kadi. Tukikata zaidi ya hapo tunaujeruhi mti. Kwenye jiwe tunatumia patasi na nyundo, na miwani machoni. Tawi lililoanguka lenyewe ndilo bora kuliko yote, kwa kuwa halimdhulumu yeyote.

Jumamosi, 22 Machi

Bahasha 9 hadi 20. Ilipaswa kuwa hadi 21.

Iliyokosekana niliitupa mwenyewe, na kijana aliyeileta aliumia. Ilikuwa likeni nzuri, pana kama kiganja, lakini juu ya bahasha aliandika maneno manne tu: "mti karibu na choo". Shule hii ina vyoo sehemu tatu, na kila choo kina miti. Nilimuuliza mti upi, upande gani, urefu gani kutoka ardhini. Hakukumbuka. Sampuli ya namna hiyo ni kipande cha takataka kilichokauka vizuri. Haiwezi kumwambia mtu chochote kuhusu Nairobi, kwa sababu haijulikani ilitoka wapi ndani ya Nairobi.

Tangu leo hakuna kisu kinachogusa gome kabla kalamu haijagusa karatasi. Tunaandika mahali, vipimo vya GPS kutoka kwenye simu, mwinuko, jina la mti, upande kwa dira, urefu kutoka ardhini, tarehe, jina la mkusanyaji na namba. Kwa kalamu ya risasi, maana wino hutiririka mvua ikinyesha. Bahasha zenyewe tunazikunja kwa karatasi nyeupe. Mfuko wa plastiki ni marufuku: likeni mbichi ikifungiwa humo siku mbili inaota ukungu.

Suala la upande lilizua mjadala mzuri. Binti mmoja alikuwa amesoma kwamba likeni hupenda upande wa kaskazini wa mti. Hiyo ni habari ya Ulaya, ambako jua hukaa kusini mwaka mzima. Sisi tuko digrii 1 na dakika 17 tu kusini ya ikweta. Jua linatupitia kaskazini miezi kadhaa, kisha kusini miezi mingine, na mti unaungua pande zote mbili kwa zamu. Tuandike tunachokiona, kanuni tutaitafuta baadaye.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua ya masika imeshika. Wanafunzi wamefunga shule jana, kwa hiyo leo nilikuwa peke yangu na mzee.

Nilisimama kwa nusu saa mbele ya mjakaranda ulio mbele ya jikoni, lenzi jichoni, manyunyu yakianza. Likeni ya jenasi Parmotrema iliyokuwa kijivu cha majivu, ncha zake zimejikunja juu kama karatasi iliyokaribia moto, ilianza kunywa. Tone lilipotua halikutiririka, lilizama. Pale lilipozama rangi ilibadilika: kijivu kikapauka, kijani kikapanda kutoka ndani, kwa sababu ngozi ya juu ikilowa huwa nyangavu na mwani ulio chini yake unaonekana. Baada ya dakika chache ndimi zilikuwa zimekunjuka na kulala laini juu ya gome, kijani kama sukuma iliyotoka kuoshwa. Nilimpa mzee lenzi. Aliangalia mpaka mvua ikawa kubwa, akairudisha bila kusema neno, akaenda kuleta mwavuli wake ili turudi tena.

Mambo mengine ya leo kwa ufupi. Mikalitusi haina kitu. Gome lake linajichubua kila mara, na likeni inayokua milimita chache kwa mwaka haiwezi kushindana na mwenyeji anayebadilisha ngozi. Miti iliyo ukutani, upande wa barabara, ina likeni ndogondogo za manjano na kijivu zilizoshikamana na gome, na vumbi juu yake. Ukiingia ndani hatua mia hivi, kwenye migrevilea nyuma ya maktaba, unaanza kupata zile pana. Sitaki kusema ni moshi wa magari pekee. Umri wa mti, vumbi, kivuli, vyote vimo. Lakini mtaalamu wa likeni William Nylander alipotembea kwenye bustani ya Luxembourg huko Paris na kuandika, mwaka 1866, kwamba likeni ni kipimo cha usafi wa hewa, alianza hivihivi, kwa kuhesabu mti mmoja baada ya mwingine.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeanza majaribio ya kemikali. Likeni mbili zinaweza kufanana kwa macho kama mapacha huku ndani kila moja ina asidi yake. Nylander huyohuyo ndiye aliyeonyesha kwamba tone la kemikali linaweza kuzitofautisha. Kuna herufi ambazo wapimaji wa likeni wote duniani wanazitumia: K ni haidroksaidi ya potasiamu, C ni klorini, yaani ile dawa ya kutoa madoa kwenye nguo nyeupe. Kuna na ya tatu, P, ambayo ni sumu na haitaingia maabara ya watoto nikiwa hapa.

Kwangu ni wembe, kijiti cha kuchokolea meno na karatasi nyeupe. Unakwaruza ngozi ya juu mpaka uone nyama nyeupe ya ndani, unagusa kwa kijiti chenye tone, unatazama kwa lenzi. Mabadiliko mengine huja na kutoweka ndani ya sekunde chache, kwa hiyo hupepesi macho. K imenipa raha: njano kali kwenye ngozi ya likeni za jenasi Heterodermia, na katika bahasha 14 njano iliyogeuka nyekundu kama damu, ambayo pamoja na mistari myeupe ya wavuwavu juu ya ngozi inanipeleka kwa Parmotrema reticulatum. C haijaonyesha rangi popote. Nimeandika "C hasi" kwenye bahasha zote nilizopima leo.

Jumamosi, 10 Mei

Vijana wamerudi. Bahasha zimefika 38, zote zimepimwa K na C.

Taa ya mnururisho wa urujuanimno ni ghali. Mmoja wa vijana alikumbuka kwamba dada wa duka la M-Pesa lililo nje ya geti ana taa ya kukagua noti bandia. Tukaenda na bahasha sita, tukasubiri wateja wapungue. Dada akatuachia nafasi kwenye kaunta, tukajifunika koti kichwani ili pawe giza. Bahasha 5 ikang'aa njano ya limau, ukoko wote kutoka ukingo hadi katikati. Ni Pyxine cocoes, likeni ya kijivu isiyovutia mtu mchana, ila ngozi yake ina kemikali iitwayo likeksanthoni ambayo humeremeta chini ya taa hiyo. Dada aliingiza kichwa ndani ya koti naye aone. Akasema tukihitaji tena tuje asubuhi, kabla ya foleni.

Jumamosi, 17 Mei

Siku mbaya, na naiandika yote.

Mpwa wangu anayeishi Gede, Kaunti ya Kilifi, alikuwa ameniahidi likeni za pwani tulinganishe na zetu. Wazo lake la kwanza lilikuwa mikoko ya eneo la hifadhi ya bahari kule Watamu. Nilimkatalia kwenye simu. Ndani ya hifadhi hupunguzi hata jani bila kibali cha utafiti, na likeni inalindwa sawasawa na samaki, hata kama askari aliye langoni haijui kwa jina. Piga picha, nikamwambia, andika mahali, toka. Alifanya hivyo, akanitumia picha kumi na moja, kila moja na mti wake. Sampuli yenyewe aliitoa kwenye tawi la mwembe lililoangushwa na upepo shambani kwa babu yake, akaipakia kwenye basi la usiku.

Ni Roccella montagnei. Inaning'inia kama vipande vya utepe wa ngozi, kijivu cheupe chenye ubuluu kwa mbali, na vidonge vya unga pembeni. Hii ndiyo likeni iliyokusanywa pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 na kusafirishwa kutoka Zanzibar kwenda Ulaya kutengeneza rangi ya zambarau ya nguo, kabla rangi za viwandani hazijaiua biashara hiyo. Ukigusa ngozi yake kwa C lazima iwe nyekundu. Niliwakusanya vijana wote wanne waone. Nilikuwa nimewaahidi nyekundu ambayo hawataisahau.

Tone likatua. Hakuna kitu. Tone la pili. Hakuna kitu. Gome la mwembe limelowa, basi.

Binti wa kaskazini na kusini akauliza, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, na kama si likeni iliyokosea?"

Nilitazama chupa. Niliifungua Januari, na tangu hapo imekaa kwenye dirisha la maabara linalopigwa na jua la asubuhi. Klorini huharibika kwa mwanga na joto. Hilo nalijua, nimelifundisha. Nilinusa: harufu imebaki kama ya maji ya bomba.

Kumbe "C hasi" zote 38 hazina maana.

Jumapili, 18 Mei

Nilinunua chupa ndogo mpya asubuhi baada ya kanisa, nikafungua maabara. Roccella ya Gede: tone moja, nyekundu kabla sijaondoa kijiti. Nilikaa chini.

Jumatatu, 19 Mei

Nimewaambia vijana mbele ya bahasha zote zikiwa mezani kwamba kosa ni langu. Ningekuwa na likeni moja ninayoijua ya kupimia chupa kila asubuhi, lingeonekana siku ya kwanza. Kuanzia leo kipande cha Roccella kinakaa ndani ya kijaluba, na hakuna atakayepima C kabla ya kukipima hicho kwanza na kuandika matokeo juu ya ukurasa. Chupa inakaa kabatini, gizani, na tarehe ya kufunguliwa imeandikwa ubavuni.

Kijana mmoja alipendekeza tuandike bahasha mpya safi. Nimekataa. Kilichoandikwa kinakatwa kwa mstari mmoja unaoruhusu kusomeka, tarehe inawekwa, na jipya linaandikwa chini yake. Mtu wa kesho ana haki ya kuona tulipojikwaa.

Jambo moja la faraja: wiki nzima nilikuwa nikigawa litmasi darasani, nyekundu na buluu, na sikuwahi kuwaeleza wanafunzi kwamba rangi hiyo asili yake ni likeni, Roccella ikiwa mojawapo. Leo kidato cha pili walishika karatasi ya litmasi mkono mmoja na utepe wa Gede mkono wa pili. Walikuwa kimya kweli.

Jumamosi, 14 Juni

Tumemaliza kurudia zote 38. Majibu ya bahasha tisa yamebadilika. Saba kati ya hizo, pana, ukingo wa unga, zisizo na kope nyeusi pembeni, zimetoa nyekundu kwenye nyama ya ndani, na sasa zinasomeka Parmotrema austrosinense. Mimi nilikuwa nimeziita kitu kingine kabisa. Kama tungepeleka rekodi zile mahali popote mwezi wa Mei, likeni ambayo inaelekea ndiyo ya kawaida kuliko zote kwenye uwanja wetu ingehesabika kama haipo.

Baridi imeanza. Vidole havishiki wembe vizuri.

Jumamosi, 5 Julai

Karura, kwa kamera tu. Kibali cha kukusanya hatuna na hatukuomba. Tuliwaeleza vijana kwa nini kuna msitu wa kuingia: mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapa wakizuia ardhi hii isigawanywe. Likeni zinahitaji gome lililosimama mahali pamoja kwa miaka mingi. Huwezi kuzipanda upya Jumatatu baada ya kukata Ijumaa.

Jambo tuliloliona kwa wingi ambalo shuleni ni haba: likeni za jenasi Graphis, zilizoandikwa juu ya magome laini kama mistari ya mtoto anayejifunza herufi, nyeusi juu ya nyeupe. Kila mstari ni mdomo wa kuvu unaotoa mbegu zake. Kuzitofautisha kunahitaji kukata mstari mmoja kwa wembe na kuhesabu vyumba ndani ya mbegu kwa hadubini, kwa hiyo picha za leo zimebaki "Graphis" bila jina la pili. Binti alitaka kukisia. Tumeacha nafasi wazi.

Jumamosi, 19 Julai

Hii ni safari tuliyofanya juzi siku ya kazi, naiandika leo. Tulikwenda kwenye hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hazina ya sampuli za mimea zilizokaushwa, iliyo ndani ya Makumbusho ya Taifa. Ilianzia Amani, Tanzania ya leo, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Tulibeba bahasha sita zenye utata, baada ya kuzigandisha kwenye friza ya bwenini kwa wiki nzima ili tusiingize wadudu kwenye makabati ya watu. Walitukubalia kutumia kitabu kikubwa cha likeni za Afrika Mashariki cha 1988, cha Mwingereza Swinscow na Mnorwe Hildur Krog. Sisi nakala yetu ni kurasa za picha za simu.

Nilichotaka vijana waone si kitabu. Nilitaka waone vibandiko. Bahasha ya zamani ina kibandiko cha kwanza cha mkusanyaji, kisha chini yake kipo cha mtaalamu aliyepita baadaye akasema hapana, ni spishi nyingine, akaweka jina na mwaka, kisha cha tatu kikimrekebisha wa pili. Hakuna kilichobanduliwa. Kijana aliyetaka bahasha mpya safi mwezi wa Mei alisoma vitatu kwa sauti, mmoja mmoja, akanitazama.

Nne kati ya sita zimepata jina. Namba 17 imerudi kama ilivyokwenda, na 33 tumeambiwa tukusanye tena ikiwa na mbegu.

Jumamosi, 26 Julai

Muhula unakwisha wiki ijayo. Bahasha ni 60, ziko kwenye sanduku la viatu lililobandikwa lebo, na orodha yake imechapwa kwa nakala mbili. Sanduku la pili limeanzwa kwa picha za Karura na zile za mpwa kutoka pwani, kila moja na mti wake, bila namba ya sampuli, ili mtu asije akadhani tulikata.

Nilikuwa nafunga mlango mzee wa bustani alipokuja na tawi la mjakaranda lililoanguka kwa upepo wa usiku, limefungwa kwenye gazeti. Juu ya gazeti aliandika kwa kalamu ya risasi: "Mjakaranda wa tatu kutoka getini, mkono wa kushoto ukiingia. Nilipanda mimi 1994. Tawi lilikuwa juu, kama mita nne, upande unaotazama jikoni. Limeanguka usiku wa kuamkia 26/7. Sijasugua."

Nimelipa namba 61, na maelezo nimeyanakili kwenye bahasha kama alivyoyaandika.